Ukibadili Umeme wa Lori la Jeshi, Usisahau Waya wa Stata

Ndugu mkulima, huenda wewe na jirani zako katika skimu mnafikiri kununua lori la jeshi. Si wazo baya. Lori la namna hii lilijengwa kupita matopeni. Magurudumu yake ya mbele na ya nyuma huvuta yote, chasisi yake ni nene, na mwili wake haukutengenezwa kwa urembo bali kwa kazi. Magari ya serikali yaliyoondolewa kazini huuzwa kwa zabuni au kwa mnada wa hadhara, kwa kufuata sheria ya mwaka wa 2015 ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma, na mkulima ana haki ya kununua kama mtu mwingine yeyote.

Lakini lipo jambo moja ambalo wanunuzi huligundua baada ya furaha ya siku ya kwanza kwisha. Umeme wa lori hilo kwa kawaida ni wa volti 24, hali trekta ya jirani yako na pikapu ya mwenye duka ni za volti 12. Hapo hutokea mtu, tena mtu mwenye nia njema, akasema, "Toeni betri moja, tieni balbu za volti 12, mambo yamekwisha." Mimi nasema mambo hayajakwisha. Ndiyo kwanza yanaanza, na mahali yanapoanzia ni kwenye stata.

Maoni yangu ni haya: kikundi kisicho tayari kulipia njia nzima ya umeme wa stata, kutoka betri mpaka chasisi, na kiliache lori lake na volti 24 zake. Nitaeleza sababu. Tena nitaeleza jinsi nilivyojifunza, kwa maana sikujifunza bila hasara.

KOSA LANGU MWENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi wa kikundi cha wakulima kilichonunua Bedford la kijeshi lenye injini ya dizeli. Kwa mapatano na kiwanda, lori letu lilikuwa likikusanya majani mabichi ya wanachama vituoni na kuyapeleka kiwandani. Siku nyingine lilibeba kuni na mbolea. Kamati ikaamua lori ligeuzwe liwe la volti 12. Tulikuwa na sababu mbili, na wakati ule zilionekana njema: betri za volti 12 tulikuwa nazo, na tulitaka trekta iweze kulisaidia lori kuwaka asubuhi za baridi.

Fundi wetu alikuwa mtu makini. Alituandikia orodha ya vitu vya kununua: stata ya volti 12, altaneta, balbu, honi, mota ya kufuta kioo. Mwisho wa orodha aliandika mita kadhaa za waya mnene wa shaba kwa ajili ya stata, na mkanda wa shaba wa kuunganisha injini na chasisi. Bei ya shaba ilitushtua. Nikamwuliza, "Waya wa zamani una ubaya gani? Mbona ni mzima, wala mpira wake haujapasuka?" Akajibu kwamba ni mzima kweli, lakini ni mwembamba kwa kazi mpya. Sikumwelewa, wala sikumwuliza mara ya pili. Nilichukua kalamu nyekundu, kama nilivyozoea tangu chuo cha ualimu, nikaufuta mstari ule. Kamati ilinishukuru kwa kuokoa fedha.

Lori liliwaka siku ya kwanza, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Likawaka wiki ya pili vile vile. Kisha mvua za masika zikaja, na majani yakawa mengi. Siku moja dereva alizima injini kwenye kituo cha tatu ili asipoteze dizeli wakati magunia yakipimwa. Alipotaka kuondoka, stata ililia "ta!" mara moja, halafu kimya. Akarudia, akarudia tena. Moshi ukatoka chini ya kibanda chake, na mpira wa ule waya wa zamani ukaanza kuyeyuka. Kijana mmoja shujaa aliruka na spana akaung'oa waya kwenye betri, na kiganja chake kikaungua. Tulijaribu kusukuma, lakini lori lililojaa, lililoelekea mlimani katika matope, halisukumiki.

Lori la kukodi lilipofika, jua lilikuwa limekwisha kuzama. Niliingiza mkono katika gunia moja, nikakuta majani yana moto kama ugali uliofunikwa. Kule kiwandani yale yaliyogeuka mekundu yalikataliwa, na aliyeyakataa hakuwa na kosa. Kina mama waliochuma tangu alfajiri walipoteza kilo zao za siku ile. Hakuna aliyenilaumu hadharani. Lakini mstari ule mwekundu bado umo katika daftari la kikundi, na kila mtu anaujua mwandiko.

HESABU YA MISTARI YA CHAI

Baadaye nilimwendea fundi yule nikamwomba anifundishe. Nami nakueleza wewe kwa mfano wa shamba letu.

Fikiri njia nyembamba kati ya mistari ya chai. Unataka kupitisha kilo 400 za majani. Kama kila mtu anabeba kilo 20, watu 20 wanatosha. Sasa sema kila mtu abebe kilo 10 tu. Kilo 400 bado unazitaka, basi itakupasa upitishe watu 40 katika njia ile ile. Watasongamana, watasukumana, na matawi yatavunjika.

Ndivyo ulivyo umeme. Kilo za kila mchukuzi ni kama volti. Idadi ya wachukuzi ni kama ampea. Mzigo wote uliofika ni kama wati, yaani kazi yenyewe. Stata haipunguzi kazi yake kwa sababu wewe umepunguza volti: injini ni ile ile, pistoni ni zile zile, na oili ya asubuhi ni nzito vile vile. Ukikata volti nusu, stata inahitaji ampea mara mbili ili ifanye kazi ile ile.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme stata inatumia ampea 200 kwa volti 24. Hizo ni wati 4,800. Kwa volti 12 itahitaji ampea 400 ili kupata wati 4,800 zile zile. Tuseme tena kwamba waya wa zamani, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.002, kiasi kidogo sana. Kwa ampea 200, waya huo unapoteza volti 0.4 katika 24, na joto linalozaliwa ndani yake ni wati 80. Kwa ampea 400, unapoteza volti 0.8 katika 12, na joto ni wati 320. Angalia vizuri: ampea ziliongezeka mara mbili, lakini joto limeongezeka mara nne. Wala hii ni hesabu ya waya ulio safi. Ukiongeza kutu kwenye maungio, hasara inakuwa kubwa zaidi.

Dawa yake nayo ni hesabu. Ukiongeza unene wa shaba mara mbili, mathalani kutoka milimita 35 za mraba mpaka milimita 70 za mraba, ukinzani unapungua nusu. Ukisogeza betri karibu na stata hata waya ukawa nusu ya urefu wake wa kwanza, ukinzani unapungua nusu tena. Fanya yote mawili, nawe utakuwa umerudi mahali jeshi lilipokuwa: hasara ya volti 0.2 katika 12, ambayo ni sawa kwa kadiri na volti 0.4 katika 24, na joto ni wati 80 kama mwanzo. Mstari nilioufuta mimi ulikuwa na maana hiyo.

KWA NINI JESHI LILITAKA VOLTI 24

Watu wengine hudhani kwamba volti 24 ni kiburi cha wanajeshi. Sivyo. Katika vita vya pili vya dunia lori kubwa la Marekani la GMC lilitumia volti 6 tu. Baada ya vita, majeshi ya Marekani na ya Uingereza yalichagua volti 24 kwa magari yao mapya. Lori la Marekani la M35, la mwaka wa 1950, lilikuwa la volti 24. Sababu zao zilikuwa za kazi: kuwasha injini kubwa katika baridi, kutumia redio za jeshi, kupitisha nguvu nyingi katika waya usio mnene sana, na kuyafanya magari yote yawe ya namna moja ili moja liweze kulisaidia jingine.

Sisi wa Kericho na Bomet hatuna vita, lakini baridi tunayo. Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Alfajiri betri huwa dhaifu kuliko ilivyo mchana, na oili huwa nzito. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu kuliko ya petroli, na kwa hiyo stata yake hufanya kazi ngumu zaidi. Saa ile ile unayotaka lori liondoke ndiyo saa stata inapotaka umeme mwingi.

UKIAMUA KUBADILI, BADILI HAYA YOTE

Sikatazi kubadili. Ninakataza kubadili nusu nusu. Kikundi kikikata shauri, na kikague mambo haya pamoja na fundi, kimoja kimoja.

Kwanza, stata yenyewe. Stata ya volti 24 ikipewa volti 12 huzunguka polepole, na huenda isiwashe injini kamwe asubuhi. Nunua ya volti 12 inayolingana: matundu ya bolti yawe yale yale, meno ya gia yake ndogo yawe na hesabu ile ile, na izunguke upande ule ule. Wala usifanye kinyume, yaani kuipa stata ya volti 12 umeme wa volti 24 kwa sababu "inapiga kwa nguvu." Itapiga kwa nguvu kweli, mpaka ivunje meno ya gurudumu la injini.

Pili, solenoidi, yaani ile swichi ya sumaku inayofungulia stata umeme. Iliyosukwa kwa volti 24 haivuti vizuri ikipata volti 12. Vipande vyake vya shaba hugusana kwa ulegevu, hutoa cheche, na mwisho vinaweza kushikamana. Vikishikamana, stata itaendelea kuzunguka hata ukigeuza ufunguo na kuuchomoa. Kwa sababu hii tia swichi kubwa ya kukata betri, mahali ambapo mkono wa dereva unaifikia. Kama tungalikuwa nayo, kijana wetu hangaliungua.

Tatu, waya mdogo unaotoka kwenye ufunguo kwenda kwenye solenoidi. Huo nao sasa unabeba ampea nyingi kuliko zamani. Weka rilei karibu na stata, ili ufunguo ubebe umeme kidogo tu na rilei ibebe mzigo.

Nne, betri. Betri mbili za volti 12 katika lori la jeshi zimefungwa moja nyuma ya nyingine: chanya ya hii kwa hasi ya ile, nazo hutoa volti 24. Kwa volti 12 usitupe moja. Zifunge zote sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili stata ipate ampea za betri mbili. Ziwe za namna moja na umri mmoja. Lakini kabla ya kufunga hivyo, kitoe kabisa kile kipande kilichoziunganisha mwanzo. Kikisahauliwa mahali pake, kitageuka njia ya mkato ya umeme wote, na betri inaweza kupasuka. Vua saa na pete, ondoa sigara, na anza kwa kufungua waya unaokwenda kwenye chasisi.

Tano, njia ya kurudia. Watu hukumbuka waya mwekundu wakasahau kwamba umeme unaokwenda lazima urudi. Injini imekaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Pasipo mkanda mnene wa shaba kati ya injini na chasisi, umeme wa stata utatafuta njia nyingine, kama vile kebo ya mafuta, na kuichoma. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ndipo ufunge bolti.

Sita, ulinzi. Waya wa stata kwa kawaida hauna fyuzi. Kwa hiyo usipite karibu na ekzosi, usiguse ukingo wa bati, na kila unapopenya tundu uvishwe mpira.

Saba, vitu vingine vyote: altaneta au dinamo pamoja na kidhibiti chake cha chaji, balbu, honi, mota ya kufuta kioo, geji, na koili kama injini ni ya petroli. Altaneta ya volti 24 huchaji kwa kiasi cha volti 28. Ikiachwa ichaji betri zilizofungwa kwa volti 12, itazichemsha mpaka zife.

Kazi ikiisha, usiridhike kwa sababu injini imewaka mchana. Fundi apime kwa mita wakati stata inazunguka. Kati ya kichwa chanya cha betri na bolti ya stata isipotee zaidi ya nusu volti, na upande wa kurudia vile vile. Kisha zima na uguse maungio kwa uangalifu. Ungio lenye moto ndilo lenye ugonjwa. Tena dereva asishikilie stata zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mara moja. Aipumzishe dakika moja, ndipo ajaribu tena.

AU LIACHENI KAMA LILIVYO

Sasa hesabu orodha hiyo, uweke bei mbele ya kila kitu. Vikundi vingi vitaona kwamba fedha za kubadili zinatosha kununua jozi mpya ya betri na waya mpya, na lori likabaki la volti 24. Zamani mtu angeweza kusema kwamba vifaa vya volti 24 ni vya jeshi tu. Leo hawezi. Malori mengi makubwa ya Isuzu na Mitsubishi tunayoyaona kila siku kwenye barabara ya Kericho, Litein na Sotik ni ya volti 24. Balbu zake na rilei zake ziko madukani, na mafundi wake tunao.

Utasema, "Je, redio na chaji ya simu?" Nunua kigeuzi kidogo cha kutoa volti 12 kutoka 24. Usifunge redio kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo itachoka wakati mwenzake anashibishwa kupita kiasi, na mwisho zote mbili zitakufa. Utasema tena, "Je, trekta itatusaidiaje asubuhi?" Kwa hilo nakubali, ni hasara. Lakini betri mbili nzima na waya safi hazihitaji trekta kila asubuhi, na lori la jirani la volti 24 linaweza kusaidia.

Wako watakaobadili kwa sababu ya haki: stata ya volti 24 imekufa na ya volti 12 imepatikana, au injini yenyewe imebadilishwa. Hao nawaombea heri, lakini wafuate orodha mpaka mwisho wake.

NENO KWA KAMATI

Tangu KTDA ilipoanzishwa mwaka wa 1964, mengi yamebadilika katika chai yetu. Viwanda vimeongezeka, na makampuni ya viwanda vyake yamekuwa mali ya wakulima wenyewe. Lakini jani halijabadilika. Lililochumwa asubuhi lataka kufika kiwandani siku ile ile, likiwa na hewa na bila kubanwa. Halijui volti wala mnada, wala halisikii udhuru wa mwandishi wa kikundi.

Kwa hiyo nawaomba wanakamati, hasa sisi tunaoshika kalamu. Fundi akileta orodha, msianze kwa kutafuta mstari wa kufuta. Anzeni kwa kumwuliza kila kitu ni cha kazi gani, na mkijibiwa msichokielewa, mwulizeni mara ya pili. Si aibu. Pale mwanzoni niliona aibu kuuliza mbele ya watu, mimi niliyesomea ualimu, na aibu hiyo ililipwa kwa majani ya watu waliochuma wakiwa wamelowa mvua.

Kama lori lenu limekwisha kubadilishwa, msingoje masika. Wiki hii fungueni boneti, mfuate ule waya kwa mkono kutoka betri mpaka stata, na kutoka injini mpaka chasisi. Mkiona ni ule ule uliokuja na lori, basi mnayo kazi ya kufanya kabla ya siku ya kuchuma.

Karani, Ofisi ya Kilimo